Ipe seva yako kazi ya nyumbani

Haya ni maongezi kuhusu Linux, ule mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, niliyotoa Jumamosi pale Nyegezi, Mwanza, mbele ya vijana wa chuo, mafundi simu na wazazi kadhaa. Watu waliniomba niyaandike, nimeyatoa kwenye rekodi ya simu, nimepunguza "yaani" chache ila sio zote.

Shikamooni wazazi wangu. Wadogo zangu mambo. Wale wa nyuma pale mlioegemea ukuta sogeeni mbele bana, viti vipo, na mimi sina sauti ya mnada. Projekta nimeambiwa inakuja tangu saa tatu, sasa hivi ni saa nne na nusu, kwa hiyo tuendelee tu bila picha.

Mimi sio mhandisi wa kompyuta, naomba lijulikane mapema mtu asije akanitega na maswali ya mtihani. Natunza hesabu kwenye stoo ya samaki huko Kirumba, jioni nashona, nyuma ya nyumba nina kuku, na kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu kabisa ambako watoto hawafiki, kuna laptopu moja chakavu skrini imepasuka inawaka usiku na mchana. Hiyo ndo seva yangu, yaani kompyuta inayokaa imewaka kuhudumia vifaa vingine vya nyumbani. Mume wangu anaiita mpangaji asiyelipa kodi, maana inakula umeme tu na hajaiona ikileta hela, ila siku ikizimika yeye ndo wa kwanza kuuliza mbona picha za harusi ya mdogo wake hazifunguki.

Nilichokuja kusema ni hiki, na nakisema sasa hivi hata anayewahi daladala aondoke nacho. Ukitaka kujifunza Linux, itafutie kwanza kazi nyumbani kwako. Kazi ya kweli, ambayo isipofanyika kuna mtu atalalamika. Nimeona vijana wengi wanadaunlodi Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa bando la kuungaunga, wanaiweka, wanabadilisha picha ya nyuma, wanapiga picha ile skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani wanaweka status, halafu baada ya wiki mbili unamkuta amerudi alikotoka, ukimuuliza anasema Linux ngumu. Ngumu wapi? Hakuwa na cha kuifanyia. Mtu mwenye kuku, mwenye cherehani, mwenye bustani ya mchicha, anayeranda mbao uani, huyo ana shida mpya kila siku ya Mungu na kompyuta inapata pa kuanzia.

Na hii sio falsafa yangu ya jikoni, hii Linux yenyewe ndo ilivyozaliwa. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland, ana kompyuta yake ya prosesa ya 386 nyumbani, akawaandikia wenzie kwamba anatengeneza mfumo endeshi ila ni hobi tu, wala hautakuwa mkubwa. Hobi tu! Leo hiyo hobi imo ndani ya kila simu ya Android mliyoshika humu ndani, na zile kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux, zote kabisa, hakuna hata moja iliyobaki. Ila mimi kinachonifurahisha zaidi ni kilichokuja baadae. Huyu jamaa anapenda kuzamia majini, ile ya mitungi mgongoni, na mwaka 2011, ameshakuwa jina kubwa dunia nzima, akaona hakuna programu nzuri ya Linux ya kutunzia rekodi za mizamio yake, basi akakaa akaiandika mwenyewe, inaitwa Subsurface, ipo mpaka leo na ni ya bure. Mtu mzima anaongoza kazi inayobeba nusu ya dunia anatoka jioni kwenda kuandika kiprogramu cha starehe yake. Ukipewa maneno na mtu kwamba unachezea muda na laptopu mbovu, mwambie habari hiyo.

Haya, tuje Mwanza. Sisi watu wa hapa kazi ya kufufua vitu tunaijua, pale Makoroboi watu wamekaa miaka na miaka wanafua makopo na mabati chakavu yanageuka koroboi, majiko, ndoo, sasa laptopu chakavu itushinde nini. Na huu ndo wakati wake wa kuitafuta. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 pamoja na prosesa mpya, kwa upande wa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu. Maana yake laptopu ya kizazi cha 4, cha 5, cha 6, nzima kabisa, mwenye nayo anaambiwa imepitwa, wakati kwa Linux hiyo bado msichana mbichi. Ukienda kununua angalia betri inashika hata nusu saa, sikiliza feni, ramu ikiwa giga 4 unaanza nayo, 8 ni raha, na ile diski ya kizamani ya kuzunguka itoe weka SSD, diski isiyozunguka, hata ndogo, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Skrini ikiwa imepasuka ndo vizuri, bania bei hapo hapo. Seva haihitaji skrini, unaichomeka kwenye TV kwa HDMI siku ya kuiwekea mfumo tu, ukishawasha ssh, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa komandi ukiwa kwenye kifaa kingine, unaifunga unaipandisha kabatini na kuanzia hapo unaongea nayo kutoka kwenye kompyuta nyingine au hata simu.

Ila kuna kitu kimoja kinasumbua kila anayetumia laptopu kama seva, ukifunga kifuniko inalala. Andikeni hii: kuna faili liko /etc/systemd/logind.conf, ndani yake tafuta mstari wa HandleLidSwitch, toa ile alama ya reli (#) mbele yake, weka =ignore, washa upya. Basi. Mstari mmoja, na wengine wameacha kifuniko wazi miaka na vumbi lote la Buhongwa linaingia kwenye kibodi. Vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi, wanapenda mwanga na wanapenda joto, ukifungua laptopu iliyokaa karibu na dirisha msimu wao utakuta feni imejaa maiti. Seva yangu iko kabatini ila nyuma ya kabati nimetoboa, na kwenye tundu nimeshonea kipande cha neti ya mbu. Hapo cherehani imeihudumia kompyuta.

Mtaniuliza Linux gani. Kama hujui chagua Debian au Ubuntu, usikae wiki nzima unabishana. Debian ipo tangu 1993, Ubuntu imetokana nayo mwaka 2004, aliyeianzisha ni Mwafrika mwenzetu Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyewahi kwenda anga za juu 2002. Chukua toleo la LTS, lile la kuhudumiwa muda mrefu, mfano 24.04 iliyotoka Aprili 2024 ina miaka 5 ya marekebisho ya usalama, ili usiwe unahamahama. Mengine yote ni ladha.

Sasa kuku. Hapa ntakaa kidogo maana ndo shule yenyewe.

Nina mashine ya kutotolesha, boksi la plaiwudi nililotengeneza mwenyewe, glopu za kizamani za kutoa joto (na siku hizi kuzipata kazi, kila duka LED, na LED haipashi yai), kifeni kidogo, na kile kithamostati cha elfu chache kinachowasha na kuzima. Yai la kuku linataka siku 21. Ukiwa na feni ndani, joto liwe 37.5, unyevu uwe kama asilimia 50 hadi 55, siku tatu za mwisho unaupandisha mpaka 65 hivi na unaacha kugeuza mayai kuanzia siku ya 18. Haya yote utayakuta popote. Tatizo ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye kithamostati ni namba ya sekunde ile unayoiangalia. Saa nane usiku ilikuwa ngapi? Mchana ukiwa kazini ilikuwa ngapi? Hujui, na yai nalo halisemi, linakaa kimya mpaka siku ya 21 ndo unagundua.

Nikachukua Raspberry Pi Zero niliyoachiwa na mdogo wangu, kale kakompyuta kadogo kanakokaribia udogo wa boksi la kiberiti, nikanunua kihisi joto kinaitwa DS18B20, kile cha chuma chenye waya tatu. Nyekundu kwenye volti 3.3, nyeusi kwenye ardhi, ya tatu ndo ya data, na kati ya data na ile ya volti 3.3 unaweka rezista ya kiloomu 4.7, bila hiyo rezista hakuna kitakachosomeka na utalaumu Linux bure. Mafundi simu mliopo hapa hiyo kwenu ni dakika mbili. Halafu ndo kinakuja kitu kilichonifanya nikae chini. Ukishaiwasha hiyo sehemu ya kihisi kwenye mipangilio, joto la mayai yako linatokea ndani ya Linux kama faili. Faili la kawaida! Unaingia kwenye /sys/bus/w1/devices, unakuta folda inayoanza na 28, ndani kuna faili, unaandika cat, komandi ya kuonyesha kilichomo kwenye faili, na jina la faili, inakujia mistari miwili, mwisho wake t=37562. Hiyo ni nyuzi 37.562. Nilikuwa nimesoma mara nyingi ile habari ya kwamba kwenye Linux kila kitu ni faili, naitikia tu kama mtu anaitikia mahubiri, ila siku ile nimeshika kihisi kwa vidole naandika cat tena na namba imepanda, nimekiachia imeshuka, hapo sikuhitaji tena mtu anieleze.

Na kama ni faili basi kila kitu unachojua kuhusu faili kinafanya kazi. Unaandika kaskripti, yaani faili la komandi, ka mistari minne, soma namba, weka tarehe mbele, ongeza mwisho wa faili lingine. Unakakabidhi kwa cron, mpangaji wa ratiba wa Linux, unamwambia kila dakika 5, zile nyota zinaonekana za kichawi ila ni dakika, saa, siku, mwezi, siku ya wiki, basi. Faili linapelekwa kwenye laptopu ya kabatini kwa rsync, komandi ya kunakili mafaili. Asubuhi ninapokunywa chai nafungua grafu.

Sasa sikilizeni grafu ilisema nini. Mimi nilikuwa na uhakika joto linashuka usiku, na nilikuwa naamka kufunika boksi na blanketi. Grafu ikaonyesha usiku limetulia tuli kama mstari wa rula, linashuka mchana, kuanzia saa saba saa nane, jua kali kabisa nje. Ukiwaza kwa akili ya kawaida haiingii. Ila mtu aliyekulia ziwani hapa anajua, mchana ndo upepo wa ziwa unapanda nchi kavu, usiku unageuka unaelekea majini, wavuvi wanaupangia safari. Boksi lilikuwa limetazama dirisha la upande wa ziwa na plaiwudi ile pembeni ina ufa. Nikahamishia ukuta wa ndani, grafu ikanyooka. Blanketi likarudi kitandani.

Jambo jingine nililopata hapo ni umeme. Hiyo Pi Zero inakula kidogo sana, inapata umeme kutoka USB ya laptopu, laptopu ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika glopu zinazima lakini rekodi inaendelea. Nikaweza kuona joto linaanguka kwa kasi gani baada ya kukatika, na nikiweka chupa mbili za maji ndani ya boksi linaanguka taratibu zaidi, maana maji yanashika joto. Kupoa kwa muda mfupi yai linakuvumilia vizuri zaidi kuliko kuzidishiwa joto, kwa hiyo umeme ukirudi usipandishe thamostati kwa hasira ya kufidia.

Na kihisi chenyewe msikiamini tu kwa sababu kimeandika desimali tatu. Mtengenezaji mwenyewe anasema kinaweza kukosea nusu nyuzi juu au chini, na sokoni kuna vya kuigiza kibao. Nusu nyuzi kwenye kutotolesha ni kubwa. Nilichofanya ni kuchukua kile kipimajoto cha dijitali cha kupimia homa ya watoto, maana hicho kimetengenezwa kuwa sahihi hapo hapo kwenye 37 na 38, nikatia vyote viwili kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu vikiwa vimefungwa pamoja na rababendi, nikakoroga, nikasoma tofauti, nikaiandika kwenye skripti iwe inatolewa.

Mnaona tulikofika? Nimegusa ssh, mafolda, skripti, cron, rsync, grafu, na sijamtaja mwalimu wala kozi, tumeongea kuku tu.

Cherehani nitapita haraka kwa sababu naona wababa wanasinzia. Nachora patani kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, ni ya bure, kwa sentimita, naprinti kwenye karatasi za A4 naziunga kwa gundi. Kabla ya kuprinti patani nzima chora mraba wa sentimita 5 kwa 5 uupime na futi kamba, kama umetoka 4.8 basi printa imejipunguzia ili ieneze ukurasa, rudi uweke asilimia mia. Blauzi ya mtu imekufa hivyo.

Ila cherehani imenifundisha kitu ambacho kwenye seva nakitumia kila mwezi. Wanaoshona wanajua, ukiona nyuzi zimejikusanya fundo chini ya kitambaa, mgeni anakimbilia kuchezea bobini kwa sababu fundo liko chini, kumbe uzi wa juu ndo haujapitishwa vizuri. Kwenye Linux ni hivyo hivyo, ukurasa wa picha haufunguki, kijana anaanza kufuta programu ya picha anaiweka upya, anafuta tena, wakati diski imejaa, angeandika df -h angeona asilimia 100 hapo hapo. Angalia kwanza diski, angalia ramu, soma journalctl, kumbukumbu za mfumo, inalalamika nini, halafu badilisha kitu kimoja, uone, ndo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikapona hujajua kilichoponya. Na nunua kaunta buku. Kila komandi uliyotumia ikafanya kazi iandike kwa mkono na tarehe, kwa Kiswahili chako mwenyewe, maana siku seva imegoma hilo daftari ndo litakalofunguka. Mimi langu lina madoa ya mafuta ya kula na mafuta ya cherehani, linatumika.

Bekapu. Wazee wa kazi wanasema nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Ya mbali watu wanadhani lazima ulipie wingu la Marekani kila mwezi. Yangu iko Sengerema kwa shangazi. Nina diski mbili za nje, moja iko nyumbani inapokea bekapu, nyingine iko kwenye sanduku la vitenge la shangazi, nikienda kumsalimia napanda kivuko cha Kamanga na diski kwenye mkoba imefungwa kwa taulo, nabadilisha, narudi na ile nyingine na ndizi juu. Zimefungwa kwa nywila kwa kutumia LUKS, kwa hiyo hata ikiibiwa kivukoni mwizi amepata chuma. Giga 500 za picha za ukoo zinavuka ziwa bila kula hata megabaiti moja ya bando, nionyesheni mtandao gani hapa mjini unanipa spidi hiyo kwa nauli ya kivuko.

Kuhusu bando hilo hilo, wenye watoto wa shule wekeni Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti. Unachukua Wikipedia nzima kama faili moja, ile ya Kiswahili sio kubwa, ya Kiingereza hata bila picha ni makumi ya giga kwa hiyo hiyo tafuta aliyenayo akupe kwenye diski, unaiweka kwenye seva, kila simu iliyo kwenye waifai ya nyumbani inaifungua, intaneti iwe ipo iwe haipo. Watoto wa jirani zangu wanakuja kwenye baraza yangu kufanya homuwaki na wala hawajui kama hawapo mtandaoni.

Haya maswali, na muwe wafupi.

Mzee wangu pale aliuliza inakula umeme kiasi gani. Swali zuri, shikamoo baba. Laptopu yangu ikiwa imetulia inakula kama wati 15. Zidisha masaa 24, zidisha siku 30, unapata uniti 10 na pointi nane kwa mwezi. Ile kompyuta ya mezani ya zamani inaweza kula mara nne ya hapo, ndo maana nawaambia laptopu. Na baba, kinachoua vifaa sana ni ile kishindo umeme unaporudi kuliko kukatika kwenyewe, kwa hiyo ile friji gadi mliyoiweka kwenye friji wekeni na kwenye seva. Rauta nayo msiisahau, laptopu itabaki hai lakini rauta imekufa utaongea nayo vipi. Nyingi zinatumia volti 12, angalia chini imeandikwa, betri ndogo ya volti 12 ya ampea 7 ina wati 84 za saa moja, rauta ya wati 8 kwa hesabu ya karatasini ni masaa 10, mimi nahesabu nusu, betri za asidi hazipendi kukamuliwa mpaka chini.

Dada wa kitenge cha bluu aliuliza, Kiingereza changu cha kuokoteza, ntaweza? Mdogo wangu, komandi unazotumia kila siku hazifiki thelathini na nyingi zina herufi mbili tatu, ls, cd, cp, mv, hicho ni Kiingereza cha nani? Neno la kosa usilolielewa likopi lote kama lilivyo, litafute. Kitu cha kukwepa ni kupesti komandi ndefu uliyoikuta mahali hujui inafanya nini, hasa ikiwa na sudo mbele, neno linaloipa komandi mamlaka yote, hiyo hata profesa haimsalimishi. Isitoshe Kiswahili kwenye programu huria hakijaanza jana, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima ya kuandikia kwa Kiswahili, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa.

Kijana mmoja akauliza anaweza kuifikia seva akiwa Dar. Unaweza, ila kama rauta yako ni ya laini ya simu mara nyingi hupewi anwani yako peke yako ya intaneti, mnachangia moja watu wengi, kwa hiyo kutoka nje huwezi kugonga mlango moja kwa moja. Kwa upande mmoja ni kero, kwa upande mwingine imekuokoa, maana seva yenye ssh wazi kwenye intaneti inaanza kugongwa na maroboti ya kujaribu nywila mara moja. Tumia Tailscale au jifunze WireGuard, hizo zinaunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, ingia kwa funguo badala ya nywila, na usifungue mlango wowote wa rauta mpaka ujue kwa nini.

La mwisho, yule wa kofia alisema, sista mimi sina laptopu, nina simu ya zamani tu kioo kimepasuka. Simu ya Android? Basi unayo Linux tayari. Weka Termux, programu inayokupa skrini ya komandi kwenye simu, ichukue F-Droid, duka la programu huria, hauhitaji kuruti, yaani kufungua mamlaka yote ya simu. Andika pkg install openssh, halafu sshd, weka nywila kwa passwd, na unaingia kutoka kwenye simu nyingine ya nyumbani. Utajifunza mafaili, skripti, rsync, hata kiseva cha wavuti kinakimbia. Ikomeshe isilale kwa termux-wake-lock. Usiiache kwenye chaja masaa 24 kila siku, betri ya simu ikikaa imejaa kwenye joto inavimba, weka hata taima ya soketi iwe inachaji masaa machache, na ukiona mgongo wa simu umeanza kunyanyuka iondoe ndani ya nyumba na usiitoboe. Halafu bandari, namba ya mlango wa kuingilia kwa ssh, ni 8022, usihangaike na 22, Android haikuruhusu zile namba za chini ya 1024. Ilete hapa mezani, chaja ya aina gani hiyo?